Afisa ugani wa Rungwe na madaftari sita: aendelee na kalamu, ahamie kwenye simu, au anunue kishikwambi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni afisa ugani katika kata moja wilayani Rungwe. Nina kaunta buku sita zilizojaa, meseji chungu nzima nilizojitumia mwenyewe WhatsApp, na picha za mashamba ambazo sijui tena ni za nani. Mwaka jana kijana wangu anayesoma pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya, alinifungulia programu ya kisasa ya kuandikia noti, nikaitumia wiki chache nikaiacha. Mwenzangu wa kata jirani, ambaye kazi yake kubwa ni ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na wanunuzi, kila kitu anacho kwenye simu na hapotezi. Mwezi uliopita nimeumbuka mara tatu. Mama mmoja aliniuliza dawa ya viazi niliyomwelekeza msimu uliopita ni ipi, sikukumbuka. Halmashauri wakataka idadi ya miche ya parachichi iliyogawiwa kwa kila kijiji, nikakesha nafunua kurasa. Halafu mzee mmoja mparachichi wake unakauka. Najua niliupiga picha ulipoanza kuumwa, lakini picha siioni. Je, mimi ni mtu wa daftari au wa simu? Ninunue kishikwambi? Nimeambatanisha picha ya ukurasa mmoja uone ninavyoandika.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa hayo. Kishikwambi usinunue. Nalisema hilo mapema ili hela isije ikatoka kabla hujamaliza kusoma.

Swali la "mimi ni mtu wa daftari au wa simu" limekuwa la mtindo. Watu wanajigawa kama Simba na Yanga: huyu wa kalamu, huyu wa programu, yule wa kuchora visanduku na mishale. Mimi nimetokea masjala, ofisi ya kutunza majalada, kabla ya kuanza kufundisha utunzaji wa kumbukumbu, na masjala huwa tunaanzia upande wa pili. Aliyeandika barua hatumuulizi alipenda kuandika vipi. Tunamuuliza anayekuja dirishani kuitafuta: umekuja na nini? Una jina la mtu? Una namba ya jalada? Au unajua tu kwamba ilikuwa barua fulani kuhusu kiwanja, mwaka wa mvua nyingi? Masjala nzima imepangwa kwa ajili ya huyo wa dirishani. Na kwa noti zako, huyo wa dirishani ni wewe mwenyewe, umechoka, umelowa, na mkulima amesimama mbele yako anasubiri.

Tuyatazame basi hayo matatu kwa jicho hilo. Mama wa viazi alikuja na jina lake na zao lake, lakini kaunta buku zako zinajua tarehe tu, kwa sababu zimejazwa siku hadi siku. Mzee wa mparachichi alikuja na mahali, yaani mti fulani kwenye shamba fulani, na simu yako nayo inajua tarehe tu. Halmashauri walitaka jumla. Haya ni mambo matatu tofauti, na hakuna kifaa kimoja, cha karatasi wala cha umeme, kitakachoyamaliza yote kwa sababu tu umekinunua.

La halmashauri nalitoa njiani kwanza kwa sababu ni rahisi. Hesabu ya miche si noti, ni rejista. Chora jedwali: tarehe, kijiji, jina la mkulima, aina ya mche, idadi, mche ulikotoka, sahihi. Ukiliweka kwenye Excel au Google Sheets ya simu, jumla itajijumlisha. Ukiliweka kwenye daftari, jumlisha chini ya kila ukurasa na uhamishie juu ya ukurasa unaofuata, kama wanavyofanya wahasibu. Kosa ni kuandika "nimempa miche 30" katikati ya maelezo ya ziara. Ukifanya hivyo utakesha kila robo mwaka.

Sasa ukurasa ulionitumia. Nauandika kama ulivyo:

"12/3. Mvua. Mama wa juu viazi vimenyauka upande wa mto. Ng'oa. Dawa ile ya bluu x2. Rudi."

Siku ile ulielewa kila neno. Leo jiulize: mama yupi wa juu? Ang'oe vyote au vilivyonyauka tu? Bluu ni rangi ya unga au ya pakiti? Mara mbili kwa wiki, au vijiko viwili kwa pampu? Urudi lini? Kubwa zaidi, umechanganya ulichokiona, ulichoambiwa na ulichoshauri. Ofisini, dokezo linalochanganya hayo matatu bosi hulirudisha, maana hajui aamue kwa lipi. Hapo hapo, kwa kalamu ile ile, ungeweza kuandika hivi:

"Ukingoni kushoto: Mama Neema (Mwasomola), kitongoji cha juu, VIAZI.
Nimeona: mashina kama 20 upande wa mto yamenyauka, majani bado mabichi. Nimekata shina, nimelitumbukiza kwenye glasi ya maji, ute mweupe umeshuka. Mnyauko bakteria.
Amesema: mbegu alinunua sokoni, hajui zilikotoka.
Nimeshauri: ang'oe mashina yaliyonyauka pamoja na viazi vyake, asitupe mtoni, msimu ujao pale apande mahindi. Kwa ukungu wa majani kwenye shamba lililobaki: (jina lote kama lilivyo kwenye lebo, vijiko vingapi kwa pampu ya lita 16, kila baada ya siku ngapi).
Rudi: wiki ya kwanza ya Aprili."

Mambo ya viazi unayajua wewe, mimi nimeyapanga tu. Lakini ona jinsi mama akirudi msimu ujao atakavyojibiwa kwa dakika moja.

Najua utasema, mzee, hiyo nitaiandikaje mvua ikinyesha? Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hilo si la kubishana. Ndiyo maana huwa nashauri daftari mbili. Moja ndogo ya mfukoni, na penseli. Maandishi ya penseli hayachuruziki karatasi ikilowa, na penseli haigomi kuandika kwenye karatasi yenye unyevu. Wino wa jeli ndio adui yako, biro ya kawaida ina nafuu. Humo andika vifupisho vyako vyote, bluu na x2. Jioni ile ile, kabla ya kulala, hamishia kwenye kaunta buku kwa mpangilio wa hapo juu. Ukilala bila kuhamisha, bluu itabaki bluu.

Ule mstari wa ukingoni kushoto si wangu. Walter Pauk, aliyekuwa mwalimu Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliwafundisha wanafunzi wake katikati ya karne iliyopita kugawa ukurasa: maelezo kulia, maneno ya kukumbushia kushoto, na muhtasari chini. Wewe muhtasari wa chini achana nao, ni kwa mwenye mtihani. Cha kwako ni upande wa kushoto, ili macho yakishuka ukingoni yakutane na majina matupu.

Nyuma ya kaunta buku, acha kurasa za faharasa, yaani orodha ya majina na kurasa yalipo, na kurasa zote uzipe namba kwa mkono siku unayoinunua. Hapa kuna jambo ambalo waandishi wa ushauri huu huko duniani hawajawahi kukutana nalo. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, alichapisha mwaka 1686 njia yake ya faharasa: neno unaliweka chini ya herufi yake ya kwanza pamoja na irabu ya kwanza inayofuata. Njia nzuri sana, mpaka uilete Rungwe. Mwakalinga, Mwaipopo, Mwambene, Mwasomola: wote M, wote A. Nusu ya kata yako itakaa kwenye mstari mmoja. Na ukihamishiwa Makete akina Sanga watakufanyia hivyo hivyo. Kwa hiyo faharasa yako ipange kwa vitongoji, ukurasa mmoja kila kitongoji, na ndani yake andika jina ambalo mtu huitwa kweli kijijini. Kama ni Mama Neema, basi Mama Neema. La ukoo liwe kwenye mabano. Hutamtafuta kamwe kwa jina la kwenye kitambulisho.

Tuseme ziara ya kwanza kwa Mama Neema iko ukurasa wa 34. Ukirudi kwake Aprili na ziara ikaangukia ukurasa wa 61, andika pale juu "tazama uk. 34", kisha rudi ukurasa wa 34 uandike chini "endelea uk. 61". Pande zote mbili, usifanye upande mmoja. Masjala ndivyo tunavyounganisha folio na folio, yaani karatasi zenye namba ndani ya jalada. Vijana wa programu humtaja sana Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Kijerumani aliyefariki 1998 na kuacha kadi kama 90,000 za noti. Wanashangaa wingi wake. Mimi naona kazi yote iko kwenye namba alizoandika kwenye kadi kuonyesha kadi nyingine. Lakini Luhmann alikuwa anatunga vitabu, akija dirishani na wazo. Wewe unakuja na mtu. Usiige boksi lake.

Tabia ya mtu haina maana kabisa? Ina maana kidogo. Kuna anayeandika ili jambo liingie kichwani, asirudi tena kulisoma. Huyo daftari lolote linamtosha, hata nyuma ya bahasha. Pengine kijana wako ni wa hivyo. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti uliosema wanafunzi walioandika kwa mkono darasani walielewa dhana kuliko waliochapa kwenye kompyuta ndogo, na tangu hapo kila mpenzi wa kalamu anautumia kama rungu. Waliorudia utafiti huo baadaye hawakupata tofauti kubwa kiasi hicho. Kwa hiyo mtu asikutishe kwa utafiti, ukipenda kuchapa chapa. Kuna anayefikiri kwa michoro, naye apewe karatasi isiyo na mistari. Wewe, kwa ukurasa ule, ni mtu wa maneno machache. Si kasoro, ila mtu wa maneno machache anahitaji vichwa vilivyokwishaandikwa (Nimeona, Amesema, Nimeshauri, Rudi), la sivyo ataruka kimojawapo.

Tuje kwenye simu, maana sitaki udhani naichukia.

Kujitumia meseji WhatsApp si vibaya. Tangu mwisho wa 2022 wameweka kabisa sehemu ya kujiandikia mwenyewe. Lakini ichukulie kama trei ya barua zinazoingia: Ijumaa unaimwaga, kila meseji inaenda inakostahili, kisha unafuta. Ukiifanya stoo itakushinda, kwa sababu simu hutafuta herufi ulizoandika, haitafuti ulichokusudia. Ukiandika "mche" leo na "miche" kesho, ukitafuta kimoja hutapata kingine. Leo "viazi", kesho kwa haraka "viaz". Kiswahili chetu kinabadilisha mwanzo wa neno, na simu hailijui hilo. Dawa yake ni kuchagua alama chache zisizobadilika, kama #miche, #viazi, #maziwa, na kuziweka mwisho wa kila noti. Zisizidi kumi, zikizidi utaanza kuzisahau.

Kwa noti fupi za simu, Google Keep inakutosha. Haina mbwembwe, inafunguka hata ukiwa bondeni bila mtandao, na ukifika penye mtandao inajipeleka yenyewe kwenye akaunti yako. Weka humo yale tu unayoyahitaji ukiwa njiani: namba ya muuza miche, vipimo vya dawa, orodha ya "Rudi" za mwezi huu pamoja na kikumbusho. Kama kuchapa kunakuchosha, kibodi ya Google inaandika Kiswahili unachotamka tangu mwaka 2017. Ila mkulima akijibu kwa Kinyakyusa, kibodi itaandika mambo yake. Ujumbe wa sauti usiuweke kama kumbukumbu, maana kupata sentensi moja itabidi usikilize dakika nne.

Programu ya kijana wako nadhani ni zile zenye kurasa ndani ya kurasa, majedwali na mapambo. Hukuiacha kwa sababu wewe ni wa zamani. Programu za namna ile zinakutaka ujenge nyumba kwanza ndipo uingize vyombo, na wewe ulikuwa na vyombo mkononi mvua inanyesha. Zinamfaa anayefurahia kupanga. Na kabla ya kuhamia yoyote, uliza nikitaka kutoka nitatokaje. Evernote, kwa mfano, nayo ni programu ya noti, mwishoni mwa 2023 ilimwekea mtumiaji wa bure ukomo wa noti 50. Waliokuwa wamezoea walishtuka. Obsidian yenyewe huhifadhi kila noti kama faili la maandishi ya kawaida ndani ya kifaa chako, hata programu ikifa maandishi yanasomeka. Naitaja kwa wengine watakaosoma hapa, wewe huihitaji.

La muhimu kuliko programu yoyote ni akaunti yako ya Google ni ya nani? Kama ulifunguliwa na kijana wa duka la simu pale Mwanjelwa na neno la siri analijua yeye, au halijui mtu, basi siku simu inaangukia kwenye mfereji umepoteza kila kitu. Leo hii badilisha neno la siri, liandike kwenye karatasi, liache nyumbani. Weka na nywila ya kufungulia simu, kwa sababu humo mna majina, namba na madeni ya pembejeo ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za wakulima wako zimo ndani yake. Simu ya kazi usiiache wazi watoto wachezee gemu.

Picha ndiyo sehemu ninayoipenda, kwa kuwa suluhisho lake halina gharama. Kabla ya kupiga picha mti, piga picha karatasi ya daftari la mfukoni iliyoandikwa jina, kitongoji na mti wa ngapi kutoka njiani. Halafu mti wote, kisha jani au tawi lenye tatizo. Picha tatu, daima kwa mpangilio huo. Hata baada ya miaka, ukiona karatasi unajua zinazofuata ni za nani. Pia kwenye mipangilio ya kamera washa mahali, ili picha ihifadhi ilipopigwa. Satelaiti za GPS hazidai bando. Miche ya parachichi iliyobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, kwa hiyo unachokiandika leo kuhusu mche unaweza kukitafuta ukiwa na simu nyingine kabisa. Viazi ni vya miezi mitatu minne. Usivitunze kwa uzito sawa.

Mwenzako wa kata jirani sasa. Umesema kazi yake kubwa ni ya AMCOS na wanunuzi: mkutano lini, bei ngapi, lori lilifika lini. Huyo anakuja dirishani na tarehe, na simu ni fundi wa tarehe. Mngebadilishana kata kwa msimu mmoja, ungeona naye akitafuta kaunta buku.

Kishikwambi, kama nilivyosema, hapana. Skrini kubwa inafaa kusoma na kujaza fomu ndefu mezani. Kwenye bodaboda na mvua ni mzigo mwingine wa kulinda, na vidole vilivyolowa havielewani nacho zaidi ya vinavyoelewana na simu. Ukipewa cha kazi, kitumie kwa rejista ya miche. Hela yako nunua mfuko wa plastiki mgumu wa kufunga daftari na simu, na pawa benki.

Zile kaunta buku sita usizinakili. Watu wengi wanafia hapo, wanaanza kwa bidii, wakifika katikati ya la kwanza wanachoka na mpango mzima unaachwa. Zipe namba 1 hadi 6, na ndani ya jalada andika zinaanzia tarehe ipi na kuishia ipi. Basi. Kila utakapolazimika kuchimbua kitu humo, siku hiyo hiyo kiingize kwenye faharasa ya daftari jipya: "Mama Neema, daftari 4, uk. 88". Yatakayochimbuliwa yatajipanga yenyewe. Yasiyochimbuliwa yaache yalale.

Na mzee wa mparachichi: usipekue picha zote. Nenda umuulize siku ile ulipofika kwake kulikuwa na nini kijijini, kama ni msiba wa fulani, mkutano wa hadhara, au walikuwa wanavuna maharage. Tarehe hataijua, tukio atalijua, na hilo litakupa mwezi. Picha za simu zimepangwa kwa tarehe, utashuka mpaka mwezi huo na kuangalia za siku chache tu. Ukiipata, muonyeshe, kisha andika jina lake juu yake hapo hapo mbele yake.